Samaki kabadilika: imeanza saa ngapi?

Ewe uliyekabidhiwa tangi la samaki wa mapambo hapa Malindi, liwe la mapokezi hotelini, la kliniki au la sebuleni kwa tajiri wako, nakuomba jambo moja kabla ya yote: usikimbilie chupa ya dawa. Samaki wengi wanaokufa kwenye matangi ya mji huu hauwaui ugonjwa, huwaua maji. Nao hutoa dalili mapema, ila anayewatazama huwa anatazama urembo wao tu.

Siku za mwanzo, kazi yako kubwa ni kuwajua wakiwa wazima. Watazame wakati wa kulisha, maana hapo ndipo kila mmoja huonyesha tabia yake: nani hufika kwanza, nani husubiri chini, nani huwafukuza wenzake. Usipojua desturi yao utaogopa vitu visivyo na neno. Beta hupanda juu kumeza hewa kwa sababu Mungu kamuumba na kiungo cha kupumulia hewa ya kawaida. Koridorasi naye huchupa juu mara mojamoja na kurudi mchangani. Na ukiwasha taa ghafla alfajiri, wengi utawakuta wamepauka. Wape muda, rangi itarudi.

Dalili zenyewe hazifichiki. Mapezi yamebanwa mwilini badala ya kukunjuliwa. Matamvua yanakwenda mbio. Samaki anajisugua kwenye mawe, anajitenga pembeni, anakataa chakula, au anapanda na kushuka kwenye kioo bila kutulia. Tatizo ni kwamba dalili peke yake haikwambii chanzo. Kuhema juu ya maji kwaweza kutokana na mambo manne au matano yasiyohusiana kabisa. Kwa hiyo mimi huuliza maswali mawili: ni wote au ni mmoja? Na imeanza saa ngapi?

Wakiwa wote wamebadilika kwa pamoja, shuku maji. Akiwa mmoja tu, tafuta jeraha, ugonjwa au mwenzake anayemwonea. Swali la pili ndilo refu.

Wakihema alfajiri na mchana wakawa afadhali, ni oksijeni. Usiku mimea iliyomo tangini haitoi oksijeni, nayo huitumia kama samaki. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mambo huzidi. Maji baridi yasiyo na chumvi yakiwa na nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na wakati huohuo joto linaufanya mwili wa samaki utake hewa zaidi. Ongeza pampu ya hewa, elekeza feni ivume juu ya maji, punguza chakula. Usitumbukize barafu; joto kushuka ghafla ni adhabu nyingine. Na hapa niseme wazi: samaki wa dhahabu ni wa maji ya ubaridi, kumweka Malindi kwenye bakuli la kioo mezani ni kumtesa. Mteja akitaka rangi na wepesi wa kutunza, mshauri achukue gapi au moli.

Wakianza kuruka ruka na kuhema mara tu baada ya kubadilishiwa maji, umewatilia kitu. Maji ya mfereji yanatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini ili sisi tuyanywe salama. Klorini hiyo huunguza matamvua. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha huku pampu ya hewa ikiyakoroga, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya kisima hayana klorini lakini mengi yana chumvichumvi na chokaa, na kisima cha ua huu si sawa na cha ua wa pili. Moli huyapenda, neoni tetra huteseka. Halafu kuna tangi la juu ya paa: ukifungua saa saba mchana yatoka maji ya kuogea mgonjwa. Teka alfajiri, pima joto kwa kipimajoto wala si kwa kidole, na ubadilishe robo tu ya maji kwa mara moja. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwenye tangi la lita 60 kosa la ndoo moja ni tufani.

Wakibadilika baada ya stima kurudi, tazama kichujio. Wengi hudhani hatari ni pale stima inapopotea, na kweli hewa hupungua. Chota maji kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu kila baada ya dakika chache. Lakini ndani ya kichujio cha kufungwa, bakteria wanaosafisha maji nao wanakosa oksijeni. Zikipita saa nyingi wanaanza kufa na kuoza, na stima ikirudi uozo wote unasukumwa tangini. Chomoa kichujio mapema, na kabla ya kukiwasha suuza sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si ya mfereji.

Tangi likiwa jipya na samaki wakaanza kulegea wiki ya kwanza au ya pili, ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga, na mwenye hoteli anataka samaki leo kwa sababu wageni wanafika kesho. Mwambie ukweli. Amonia hufuatwa na nitriti, ambayo huiharibu damu ikawa ya rangi ya kahawia, isibebe oksijeni. Hapo samaki atahema hata kama mapovu yamejaa tangi zima. Vipimo vya zote mbili vinatakiwa visome sifuri. Epuka pia mapambo ya matumbawe na makombe kwenye tangi la maji baridi, kwani hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na pH ikipanda amonia inazidi ukali. Tena hifadhi yetu ya bahari ipo tangu 1968, na kuokota humo ni kosa kisheria.

Wakati ambao wageni wa kazi hii hawaufikirii ni magharibi, saa ya kupuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, ambazo mtu hazimsumbui sana lakini kwa samaki ni sumu kali. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini, kwa hiyo hata tangi lenye kifuniko haliko salama. Utaona samaki wanatetemeka, wanakwenda upande, wengine wanagonga kioo. Elewana na mhudumu wa usafi: akujulishe kabla, uzime pampu, ufunike tangi kwa shuka nyevu, madirisha yafunguliwe mpaka harufu iishe, kisha uwashe tena.

Wageni wanaogonga kioo, watoto, taa ya mapokezi inayowaka usiku kucha: samaki hana kope za kufumba, mpe giza. Saa nane hadi kumi za taa zinatosha.

Madoadoa meupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa kweli na yana dawa. Hata hivyo, mara nyingi hutokea siku chache baada ya msukosuko, kwa sababu samaki anayeishi kwa hofu hutoa homoni ya kotisoli, na ikidumu mwilini hudhoofisha kinga. Tibu, lakini rudi nyuma uulize wiki iliyopita kulikuwa na nini.

Ndiyo maana ninakutaka uweke daftari kando ya tangi. Andika saa, joto, maji uliyobadilisha na yalitoka wapi, chakula, nani alipuliza dawa, stima ilipotea lini na ikarudi lini. Mfundishe na askari wa zamu ya usiku kuandika, na umwonyeshe kikombe kilipo; stima ikipotea saa tisa usiku, yeye ndiye aliye macho.