Wewe Baunsa Utaongoza Nini?

Wiki iliyopita episodi ya kwanza niliyoongoza ilirushwa hewani, na tangu hapo simu haipoi. Dada mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi naigiza, ila nataka kuongoza filamu yangu. Nianzie wapi?"

Marahaba. Kwanza achana na filamu yako.

Bill Duke mnamjua? Jina huenda hapana, sura mnaijua. Lile jibaba linalozichapa na Schwarzenegger chumbani moteli kwenye Commando (1985), kisha kwenye Predator (1987) linajinyoa kavukavu, bila hata tone la maji. Vibanda umiza vyote tulilishangilia, kumbe wakati huo jamaa ni dairekta tayari! Alisomea American Film Institute, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alishaanza kuongoza episodi za Knots Landing, baadaye Dallas na Falcon Crest. Tamthilia za familia za Kizungu. Hadithi si yake, waigizaji kawakuta, na siku zikiisha mzigo unatakiwa. Mkono wa dairekta unakomaa hapo. Mwaka 1984 akatoa The Killing Floor, filamu ya televisheni kuhusu Weusi waliohamia Chicago kufanya kazi machinjioni na kupigania chama chao cha wafanyakazi. Mwaka 1991 A Rage in Harlem ikashindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, halafu zikafuata Deep Cover na Sister Act 2.

Mimi nami kwenye kuigiza ni wa kupewa ubaunsa. Nilimwomba prodyuza mmoja aniachie hata sini moja, akacheka mbele ya seti nzima: "Wewe baunsa utaongoza nini?" Juzi kanitumia hongera na vimoto vitatu. Sijamjibu, na simjibu.

Mchana nilikula ngumi za uongo, usiku najibanza nyuma ya mhariri. Kumbe zile shoti za karibu, za mkono, za glasi, za kitasa, ambazo waigizaji tunazinunia, ndizo zinazoshona sini! Miaka ya njaa siisimulii. Dairekta akaugua, nikaitwa.

Kwa hiyo acheni kulilia wafadhili. Ongozeni kazi za watu. Na msiache kuigiza, seti ndiyo darasa. Ongozeni za watu, narudia, maana najua hamsikii.

Wewe dada, kesho muulize kameramani kaweka lenzi gani na kwa nini. Akikufukuza, muulize tena keshokutwa.