Swichi za msalaba wa gemu: anza na mshazari

Msomaji ameniandikia. Amejiundia kifaa cha gemu cha mkononi na kufunga swichi nne za kubonyeza chini ya msalaba wa mwelekeo, kile kitufe chenye umbo la msalaba kinachomwelekeza mhusika. Juu, chini, kushoto, kulia, zote zinaitika. Akitaka kwenda mshazari, mhusika anapiga hatua moja mbele kisha anashtuka kuelekea pembeni. Sasa anauliza anunue swichi za kampuni gani. Swali hili huja tena na tena, na jibu lake haliko kwenye jina la kampuni.

Swichi inayopatikana kirahisi ni ile ya milimita 6 kwa 6 yenye miguu minne. Kitufe chake husafiri takribani milimita 0.25, na huuzwa kwa nguvu tofauti: gramu 100, 160, 260. Watu huibonyeza moja moja kwa kidole, wanaipenda ile ngumu yenye mlio mkali, wanainunua. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana kwenye msalaba hakuna swichi inayobonyezwa peke yake kwa muda mrefu.

Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Tuseme swichi iko milimita 7 kutoka katikati, nawe unabonyeza ncha ya msalaba, milimita 10 kutoka katikati. Swichi ya gramu 160 itadai kama gramu 112 tu za kidole. Mambo ni mepesi. Sasa sogeza kidole kwenye kona kati ya mikono miwili. Unabonyeza swichi mbili kwa pamoja, kila moja iko kama milimita 5 tu kutoka kwenye mstari ambao msalaba unainamia, na kidole chako chenyewe kimesogea hadi milimita 7 hivi kutoka katikati. Nguvu inapanda hadi karibu gramu 230, maradufu ya ile ya kwanza. Kwa swichi za gramu 260 utafika 370, na dole gumba halitavumilia mchezo mzima. Kwa zile za gramu 100 ni kama 143, na hizo ndizo ninazozipendekeza kwa msalaba. Ngumu ziweke kwenye kitufe cha kuwasha kifaa.

Nguvu si yote. Ili swichi moja iguse, msalaba unainama digrii 2. Ili mbili ziguse pamoja, unahitaji karibu digrii 3. Tundu la kasha likiubana msalaba, digrii hiyo moja haipatikani, na mshazari hautakuja hata ukibadilisha swichi za dunia nzima.

Ukiniuliza kipi bora, nitasema mpira wa silikoni wenye kidonge cha kaboni, ule uliomo ndani ya rimoti. Unasafiri karibu milimita 1, unaitikia taratibu, na kidonge kikishagusa bodi ya saketi, mpira bado unakubali kubonyea zaidi, kwa hiyo upande wa pili nao unapata nafasi ya kugusa. Lakini una masharti. Njia za shaba kwenye bodi ziwe kama vidole vilivyopishana, na zipakwe dhahabu. Bati hushika kutu na huwa na vilima. Pima kwa maltimita huku umebonyeza: ukipata omu mia chache, shwari. Ikifika omu 5,000 huku rezista ya kuvutia juu, ile inayoishikilia pini kwenye volti ya juu usipobonyeza, ni omu 10,000, mfumo wa volti 3.3 utabaki na volti 1.1 kwenye pini, na maikrokontrola nyingi (chipu zinazosoma vitufe) hapo haziwezi kuamua kama umebonyeza au la. Safisha kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Msasa usiuguse kabisa, utaondoa dhahabu.

Zipo pia swichi za kijiti kidogo chenye pande nne na kubonyeza katikati. Kwa menyu zinafaa. Kwa gemu sizipendekezi: nyingi hazitoi mshazari, na katikati hubonyezeka bila kukusudia. Vijiti vya analogi, vinavyopima umeviinamisha kiasi gani, ni mada nyingine, ila kama utachukua kimoja, chukua cha sumaku. Vile vya kaboni husuguana hadi vikaanza kumwendesha mhusika bila kuguswa.

Wakati wa kulehemu, kumbuka miguu minne ya swichi ni jozi mbili zilizoungana ndani. Ukiigeuza digrii 90 itasomeka imebonyezwa daima. Unganisha miguu miwili ya kona zinazotazamana kimshazari na hutakosea kamwe. Kwenye programu, pokea mbonyezo papo hapo kisha puuza mitetemo ya swichi inapogusa kwa milisekunde 5. Watu huweka 50, na kwa gemu ya fremu 60 kwa sekunde hizo ni fremu 3 nzima ambazo huwezi kuachia na kubonyeza tena.

Na tafadhali, wekeni egemeo katikati, yaani kichomozo kidogo chini ya msalaba ambacho unainamia juu yake. Msalaba usio na egemeo unazama wote, kushoto na kulia vinasomeka pamoja, na gemu nyingi hazijui la kufanya. Andika programu fupi inayoonyesha nukta nne kwenye skrini, kisha zungusha dole gumba polepole duara zima. Nukta moja, mbili, moja, mbili, mpaka hali nane zitimie. Zikiwaka tatu kwa pamoja, egemeo ni fupi: kata duara la karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1, libandike chini ya egemeo, jaribu tena, ongeza la pili ikibidi. Nukta mbili zikigoma kuwaka pamoja, egemeo ni refu au tundu linabana. Piga msasa ncha ya egemeo kidogo kidogo, na kila mara rudi kwenye lile duara kabla ya kufunga skrubu.