Jibu: Kuanza kuchora kidijitali kwa simu na laptop ya zamani

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama lazima ununue kibao cha kuchorea kabla ya kuanza, maana una simu, laptop ya zamani na daftari lililojaa michoro ya penseli. Si lazima hata kidogo. Kwenye laptop weka Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure kabisa. Kwenye simu programu ya ibisPaint X inatosha, matangazo yake utayavumilia.

Shika leya kwanza, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine kama karatasi angavu; mengine yatafuata. Piga picha mchoro wako mchana karibu na dirisha, uingize uwe leya ya chini, uififishe mpaka uonekane kwa mbali. Juu yake fungua leya mpya, chora mistari upya safi. Kisha ongeza leya ya rangi katikati, chini ya mistari. Ukikosea rangi unafuta rangi tu, mistari haiguswi. Leya ya penseli ikimaliza kazi, ifiche kwa kubonyeza alama ya jicho iliyo kando yake. Ukijaza rangi kwa kifaa chenye alama ya ndoo nayo ikamwagika nje, kuna pengo kwenye mstari; lizibe, umwage tena.

Anza na MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ikionekana ubavuni. Meli ile ya 1913 ina maumbo makubwa, inafaa sana kwa zoezi hili, kuliko sura ya mtu.

Kama utachapisha kwenye A4, fungua turubai (ukurasa wa kuchorea) ya pikseli 2480 kwa 3508 tangu mwanzo. Kukuza baadaye kunaharibu mistari. Laptop ikilemewa, punguza leya.

Ukikwama, weka picha ya skrini hapa tuione.