Tukuyu usiipite tu, lala hata siku mbili

Dada, umeuliza kama inatosha kusimama Tukuyu nusu siku mwezi wa saba, ukiwa njiani kutoka Mbeya kwenda Kyela, uone majengo ya Wajerumani na upige picha kwenye mashamba ya chai. Nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya wewe, nikaondoka sijaona kitu. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Safari ile ilikuwa Aprili. Nilipanda Coaster pale Uyole, barabara ikapanda hadi Isongole, na kuanzia hapo ukungu ukafunga. Rungwe, ambayo makao yake makuu ndiyo Tukuyu, ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mimi niliichagua Aprili. Mlima Rungwe una karibu mita 3,000 na uko pale pale juu ya mji, lakini sikuona hata ubavu wake. Nikaenda bomani, nikatoa simu, nikaanza kupiga picha. Mlinzi akaja akanizuia, akaniuliza nimetumwa na nani. Nilikasirika wakati ule. Leo naona alikuwa na haki, kwa sababu mimi nilijiona niko kwenye makumbusho, na kumbe pale ni ofisi za serikali, watu wako kazini na wananchi wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao.

Hilo ndilo ningependa ulielewe kabla hujapanda gari. Tukuyu haijahifadhiwa kwa ajili ya wageni. Vitu vya Wajerumani vipo, ila vinatumika. Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya homa: kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, malaria ikawachosha, wakahamia huku juu penye baridi na kupaita Neu-Langenburg. Waingereza wakapachukua Mei 1916. Kwa hiyo ukienda bomani, ingia kama anavyoingia mwananchi yeyote: salimia, jitambulishe, sema unataka kuona jengo la zamani. Mara ya pili nilifanya hivyo, na mtumishi mmoja aliacha shughuli zake akanizungusha mwenyewe kuonyesha kuta zilivyo nene.

Masoko, dada, usiiache. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kwa bodaboda au gari la kukodi, na kukiwa na mvua utelezi wake si wa mchezo. Kuna ziwa la duara lililokaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, wenyeji wanaliita pia Kisiba, maji yametulia, na juu yake kuna boma jingine la mawe ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya askari wao na baadaye likawa mahakama. Wazee wa pale wanasimulia kwamba Wajerumani walipozidiwa walitupa fedha zao ziwani. Kama ni kweli au la, mimi siwezi kulithibitisha, lakini mzee mmoja alinifungulia kitambaa akanionyesha sarafu nyekundu ya shaba yenye taji na maneno Deutsch Ostafrika, jina la koloni lao. Ilikuwa heller moja. Nilishikwa na bumbuwazi, kwa sababu neno hili tunalolitamka kila siku, hela, limetokana na kile kisarafu. Sikuinunua, na nakuomba na wewe usinunue. Mpe mzee ahsante yake kwa simulizi, sarafu ibaki Masoko.

Sasa chai. Wengi wanashuka barabarani, wanasimama kwenye ule ukijani uliosawazishwa kama zulia, wanapiga picha, wanaondoka. Mashamba makubwa yanapendeza kweli. Lakini chai ya Rungwe sehemu kubwa sana iko mikononi mwa wakulima wadogo, mtu ana kipande nyuma ya nyumba, kimepakana na migomba na miparachichi. Ilianza Kyimbila, jirani tu na mji, mwaka 1904, miaka miwili baada ya ile ya Amani kule Usambara, na kilimo cha biashara kikaanza 1926. Ukitaka kuiona chai, tafuta mkulima.

Mimi nilimpata mama mmoja upande wa Katumba kupitia mwenye nyumba ya wageni. Aliniambia nifike saa kumi na mbili na nusu, na kweli nilimkuta ameshaanza, tenga mgongoni, plastiki kiunoni kwa sababu ya umande. Akanifundisha: majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu ni gumu, ukilichanganya utarudishiwa mzigo bandani. Baada ya saa moja mgongo uliniuma na tenga langu halikufika hata robo, wakati lake limejaa. Kichaka kile kile anakirudia baada ya wiki moja au mbili, kutegemea hali ya hewa, maana akichelewa majani yanakomaa na akiwahi hakuna cha kuchuma.

Kisha tukabeba mzigo hadi banda la kununulia, tukapima, tukaandikiwa, tukakaa kusubiri gari la kiwanda. Hapo ndipo nilipoelewa uchungu wa kazi hii. Jani likishachumwa linaendelea kupumua. Ukililundika linapata joto, linaanza kuwa jekundu, na kiwandani halina thamani tena. Siku ile gari lilichelewa kwa muda wa karibu saa nne nzima. Akina mama walikuwa wakiyageuza majani kwa mikono ili yapate hewa, hakuna aliyepiga kelele, na nilimwona mmoja akimwaga pembeni sehemu ya jasho lake la asubuhi. Kilo moja ya chai kavu inahitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Tangu siku ile siwezi kumwaga chai iliyobaki kikombeni.

Kiwandani wageni hawaruhusiwi kuingia hivi hivi, omba siku moja kabla. Ukifanikiwa, simama pale majani yaliyosagwa yanapoachwa yapigwe na hewa. Yanaingia yakiwa ya kijani na yanageuka rangi ya shaba mbele ya macho yako, na harufu yake ni kama ya tufaha lililokatwa.

Julai uliyoichagua ina faida na hasara. Anga huwa safi zaidi, mlima utauona, barabara za vumbi zinapitika. Ila baridi inapunguza kasi ya chai, kwa hiyo uchumaji ni mdogo na foleni bandani ni fupi. Kwa safari ya kwanza naona bado ni mwezi mzuri. Beba sweta zito, si lile la kiyoyozi cha Dar.

Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba, na Kijungu, shimo la mwambani lenye umbo la chungu, vyote kwenye Mto Kiwira, unavimaliza siku moja. Kijungu iko ndani ya eneo la magereza, utaandikishwa getini na ukatazwe baadhi ya picha, kubali tu. Ziwa Ngosi linahitaji siku yake, lina kupanda kwingi msituni, na usiende bila mtu wa kukuongoza.

Chakula hakisumbui. Yule mama alitukaribisha ndizi za kuchemsha na maziwa mgando, nikala mpaka nikaona aibu. Jifunze maneno matatu tu ya Kinyakyusa: rika lako wasalimie "ugonile", wazee "mwagonile", na ukipewa kitu sema "ndaga fijo". Ukiwasalimia hivyo, watu wanaacha jembe chini wakuulize umetoka wapi, na mara nyingi hapo ndipo utakapompata mkulima wako wa asubuhi.

Ukishajua tarehe, andika hapa. Namba za watu siweki hadharani, lakini nitamuuliza yule mwenye nyumba ya wageni kama mama wa Katumba bado anapokea wageni, kisha nitakujulisha.