Ndiyo ya Mwenyeji Wako: kwa Wahoji Wapya wa Kisumu

Siku ya kwanza nilipotumwa Nyalenda na hojaji kuhusu utiifu kwa wenye mamlaka, nilirudi natabasamu. Nyumba kumi na moja, fomu zote zimejaa. Jioni msimamizi akafungua moja. Mama mmoja alikuwa amekubali kwamba nchi inahitaji kiongozi mkali asiyepingwa. Maswali mawili mbele, akakubali vilevile kwamba kila kiongozi akosolewe hadharani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chini. Alikuwa amenipa kiti, maji ya kunywa, na majibu aliyodhani nimeyafuata.

Tusijione wajinga sana. Kipimo cha F, alichokitoa Theodor Adorno na wenzake watatu mwaka 1950 huko Marekani ili kutambua hulka inayovutwa na ufashisti, kilikwama mahali hapohapo. Kauli zake zote zilielekea upande mmoja, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuitikia alihesabiwa pamoja na mpenda udikteta. Bob Altemeyer wa Manitoba, Kanada, alikuja kuchanganya kauli za pande zote mbili, na katika kitabu chake cha 1981 akabakiza mambo matatu yanayoandamana: kunyenyekea walio juu, kuwa mkali kwa yeyote wanayemnyooshea kidole, na kung'ang'ania desturi. Hilo la katikati ndilo linaloumiza jamii. Mtu mpole, mtiifu, anaweza kumchomea jirani nyumba akiamini wakubwa wake wameridhia. Aliyekuwa hapa baada ya uchaguzi wa 2007 hahitaji mfano.

Kwa hiyo changanyeni kauli. Kuna pia maswali ya malezi wanayoyapenda watafiti wa Marekani: mtoto awe mtiifu au ajitegemee? Mimi siyaamini huku kwetu. Muulize nyanya swali hilo wajukuu wakisikiliza, utapima adabu tu. Afadhali kisa: chifu ameagiza kila nyumba itoe shilingi mia mbili, jirani mmoja amekataa, afanywe nini? Halafu nyamaza, uandike maneno yake jinsi yalivyo.

Na yule mzee wa mtaa aliyekupeleka, mnunulie chai akusubiri kibandani. Waliopiga kura ya mlolongo mwaka 1988, wakisimama nyuma ya mgombea kila mtu akiona, wanajua jibu lina masikio.

Mmoja wao, mtaani Manyatta, nilimsomea kauli kuhusu kupinga amri ya serikali. Akapunguza redio. Akatazama mlangoni, akatazama tableti yangu.

"Andika ile inayofaa, kijana."

Nikamwambia hakuna inayofaa, baba, nataka yako. Akacheka, akapandisha redio. Niliacha kisanduku wazi, na kwa kuwa tulilipwa kwa fomu, ile nikakatwa.