Niunde kompyuta mwenyewe au ninunue?

SWALI: Nataka kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Fundi anasema ninunue mtumba wa ofisini, rafiki anasema niunde mwenyewe. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa kuandika barua na hesabu za duka, mtumba unatosha: weka SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), RAM (kumbukumbu ya kazi) ifike GB 16, basi. Kwa video, unda. Yale makasha membamba ya ofisini hayapokei kadi kubwa ya picha, ile inayosaidia kazi ya video, na pawasaplai yake (kisanduku cha kugawa umeme) mara nyingi haina waya wa kuilisha kadi hiyo. Tundu la kadi kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, hutoa wati 75 tu, na kadi kubwa hutaka zaidi. Angalia pia prosesa (chipu kuu, ubongo wa kompyuta): ya Intel inayoishia na herufi F haitoi picha yenyewe, hivyo bila kadi skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Na pawasaplai usiibanie hela. Ikiungua huweza kuondoka na mazabodi.