Vichaka vya Huku Kwetu: Kata Tawi, Chomeka, Ngoja

Mvua ikikaribia utaona watu wamepaki kando ya Ngong Road na Thika Road hapa Nairobi wakinunua miche ya ua, na mingi ni bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini. Sina ugomvi na bogenvilia jameni, inapendeza, lakini kuna vichaka vya huku huku ambavyo ukipata tawi kwa jirani umemaliza, hutoi hata shilingi.

Kama hujawahi kujaribu anza na maigoya. Wale wa Kiambu mnaijua, yale majani laini yenye manyoya yanayotumika kuivisha ndizi (na kazi ingine chooni, tusiende huko). Hii hata ukichomeka tawi upande wa jikoni ukasahau itashika. Inatoa maua ya zambarau na nyuki wanaipenda sana. Ukishazoea hiyo nenda kwa Rotheca myricoides, ile ya maua ya bluu kama vipepeo, halafu Leonotis ya rangi ya chungwa ukitaka ndege aina ya chozi waje kunyonya asubuhi. Mtandamboo nao, ule wa miiba, mimi naotesha kwa mbegu tu, kwa tawi unakusumbua bure.

Kukata sasa. Kata asubuhi mapema kabla jua halijakausha majani, chagua tawi ambalo si changa sana la kuvunjika ovyo na si gumu kama kuni, unene wa penseli hivi, na lisiwe na maua ju nguvu zote zitaenda kwa maua badala ya mizizi. Urefu sentimita 10 mpaka 15 unatosha. Kata chini kidogo tu ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa sababu mizizi inapenda kutokea hapo, toa majani yote ya chini uache mawili ya juu, na kama ni mapana yakate nusu yasipoteze maji mengi. Wembe uwe mkali na msafi, ukiponda shina linaoza.

Udongo ndio watu wengi wanaharibu. Nyinyi wa Kitengela na Syokimau ule udongo mweusi unaonata msiutumie peke yake, unashika maji mpaka tawi linaoza likiwa bado na majani mabichi na wewe unadhani liko sawa. Changanya nusu mchanga wa mto nusu udongo mwekundu, mbolea achana nayo kwanza. Pakiti za maziwa zinatosha kabisa, toboa chini. Toboa shimo na kijiti kwanza ndio uingize tawi, mwagia maji mara moja, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Halafu tulia! Usimwagie kila siku eti unaonyesha mapenzi, gusa udongo na kidole, kama una unyevu ondoka. Na usivute tawi kila jumapili kuangalia mizizi, unaikata.

Kwa kawaida wiki tatu nne unaona majani mapya, ila ukipanda Julai na ile baridi na mawingu ya Nairobi itachelewa, hiyo isikutishe. Mimi napenda kuanza Februari ama Septemba ndio miche iwe tayari kuingia shambani mvua za Machi hadi Mei, ama zile za Oktoba hadi Desemba, zikishika.

Minyaa ni tofauti kidogo, hiyo ukikata iache ikauke kidonda siku kadhaa kabla ya kupanda, na ule utomvu mweupe usikaribie macho kabisa, unachoma vibaya, weka watoto mbali.

Na matawi omba kwa watu. Msiingie Karura na kisu, kukata mimea msituni bila kibali ni kosa kwa sheria ya misitu ya 2016. Ukienda ushago utarudi na mzigo, wewe funga tu matawi kwa gazeti lenye unyevu usiyaache kwa buti ya gari juani, na uyapande jioni hiyo hiyo ukifika.